Protini za Kimelea cha Malale na Damu ya Ng'ombe wa Bunda

 

Mfugaji wa Bunda anayepakana na Hifadhi ya Serengeti hahitaji kufundishwa mbung'o ni nini. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humkondesha ng'ombe wake. Malale humuua mtu asipotibiwa. Kinachonisumbua mimi ni hiki: kimelea cha Trypanosoma brucei brucei, kisichomdhuru binadamu, na Trypanosoma brucei rhodesiense, kinachomuua, havitofautiki chini ya hadubini. Tofauti imo katika protini. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1, ambayo hutoboa kimelea hadi kife. Rhodesiense hutengeneza protini yake, SRA, inayoikamata APOL1 na kuizima. Ng'ombe hana kinga hiyo ya APOL1, kwa hiyo hubeba vyote viwili, na mwenye zizi hajui.

Mfuatano wa jeni za Trypanosoma brucei ulichapishwa mwaka 2005. Ulitusaidia sana, lakini haukutosha. Seli zetu huwasha na kuzima jeni mojamoja. Kimelea hiki hunakili jeni nyingi kwa mkupuo, kisha huamua baadaye ni protini ipi itengenezwe na idumu kwa muda gani. Orodha ya jeni ni kama daftari la kijiji: hutaja wakazi wote, ila halisemi leo nani yuko shambani. Anayetaka kujua kimelea kinafanya nini sasa hivi hana budi kuzisoma protini zenyewe, na kazi hiyo ndiyo proteomiki.

Tunazikata protini kwa kimeng'enya cha tripsini ziwe peptidi fupi, tunazipitisha kwenye spektrometa ya masi inayopima uzito wake, kisha kompyuta inalinganisha uzito huo na orodha ya jeni. Utamu uko kwenye fosfati. Seli hupashana habari kwa kubandika na kubandua fosfati kwenye protini, na kila fosfati huongeza uzito wa daltoni 80 hivi. Mashine huiona nyongeza hiyo. Hapo tunajua hata swichi ipi imewashwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu. Vimelea vinapozidi katika damu huacha kugawanyika na kugeuka kuwa vifupi, tayari kuingia kwa mbung'o. Vinajuaje kwamba vimekuwa vingi? Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha kwamba vimelea hutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini zilizo karibu navyo, na peptidi zinazobaki ndizo ishara. Mlango wa kupokea ishara hiyo ni protini iitwayo GPR89. Atakayepata dawa ya kuichezea ishara hiyo atakuwa amegusa maambukizi yenyewe, si mgonjwa mmoja tu.

Zizini kazi ni ngumu zaidi. Ng'ombe wetu mara nyingi huwa na vimelea vichache, na himoglobini na albumini yake huzifunika protini tunazozitafuta. Hivyo damu hupitishwa kwanza kwenye selulosi maalumu inayozuia seli za damu na kuviachia vimelea vipite. Tena ifanyike haraka na katika baridi, kwa sababu damu ikikaa kwenye joto vimeng'enya huendelea kubandua fosfati, na tutakachopima baadaye kitakuwa habari za safari ya pikipiki kwenda maabara, si za kimelea.

Kwa sababu hiyo siombi spektrometa iletwe hapa chuoni kwetu Butiama kesho. Mashine inaweza kukaa mbali na sampuli ikaifuata. Sampuli iliyoharibika Bunda haitatengenezwa na maabara yoyote duniani. Nauomba uongozi wa chuo uanze na mitungi ya nitrojeni kimiminika na jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, lenye umeme wa akiba. Na maofisa mifugo wetu wafundishwe pamoja na wanafunzi wa chuo, kwa sababu wao ndio watakaokuwa zizini damu inapotoka.