Ufunguo Ubaki Mezani: Wajibu wa Parokia Katika Kuzuia Ajali za Ulevi

(Mada iliyotolewa na mratibu wa dawati la afya katika semina ya kamati za maendeleo za parokia, mbele ya wawakilishi wa wafadhili.)

 

Nimeombwa nizungumzie ajali zinazosababishwa na madereva waliolewa, na nini parokia inaweza kufanya. Mada ya namna hii tumezoea kuwaachia askari wa usalama barabarani. Tunasema trafiki wapo, sheria ipo, mahakama zipo. Ni kweli. Lakini trafiki hukutana na dereva ambaye tayari yuko barabarani. Sisi hukutana naye saa mbili kabla ya hapo, tukiwa tumekaa naye meza moja, tunamwona anavyoagiza chupa ya nne. Hoja yangu yote leo ni hiyo.

Nani analipa

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Si ajali zote hizo zinatokana na pombe. Lakini pale pombe inapohusika, mara nyingi anayelipa siye aliyekunywa. Ni mama anayerudi kutoka sokoni, ni mwanafunzi, ni kijana wa bodaboda. Baadaye familia inakuja kwenye ofisi ya parokia kuomba msaada wa matibabu au karo. Ndugu wafadhili, maombi hayo mnayafahamu.

Hesabu ya chupa

Wengi wetu tunaamini kwamba ukilala kidogo, ukanywa kahawa au supu ya moto, pombe inaisha. Naomba tufanye hesabu pamoja. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja tu inahitaji saa mbili au zaidi.

Sasa chukueni mgeni wa harusi aliyeanza kunywa saa mbili usiku, akanywa chupa tano. Ameingiza gramu 100. Mwili wake unahitaji saa 10 hadi 14 kuzimaliza, yaani mpaka kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Akiamka saa kumi na moja alfajiri awahi safari ya Dar es Salaam, bado ana pombe mwilini, hata kama ameoga na anajisikia vizuri. Kahawa, supu na maji baridi haviharakishi kazi ya ini hata kidogo. Na bia ya kuzimua inaongeza deni.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kisizidi 50, na 20 kwa madereva vijana. Sababu ni kwamba hatari huanza mapema, kabla dereva hajayumba. Pombe hugusa kwanza uwezo wa kupima mambo. Ndiyo maana yule anayesema "mimi nikinywa ndipo naendesha vizuri" hasemi uongo. Anasema anavyojisikia. Mtu huyo hawezi kuachiwa aamue mwenyewe. Aliye karibu naye ndiye aamue.

Je, maneno yanasaidia?

Swali hili wafadhili wameniuliza mara kadhaa, na lina haki ya kujibiwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kampeni za vyombo vya habari zilizoandaliwa vizuri, mahali penye usimamizi wa sheria, zilipunguza ajali za ulevi kwa kiasi cha asilimia 13.

Mfano wa karibu zaidi uko kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Stika ziliwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Hapakuwa na askari zaidi wala faini mpya. Madai ya bima kwa matatu hizo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Utafiti mkubwa zaidi, uliohusisha matatu zaidi ya 10,000 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha punguzo la robo hadi theluthi. Stika zile zilihusu uendeshaji mbaya kwa jumla, hazikuhusu pombe peke yake. Hata hivyo fundisho linatufaa: abiria walikuwa wanaogopa kila siku, ila kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Stika iliwapa ruhusa ya kusema.

Na Marekani inatupa onyo. Mwaka 1980 Candace Lightner, mama aliyefiwa na binti yake kwa kugongwa na dereva mlevi, alianzisha chama cha akina mama cha kupambana na jambo hilo. Vifo vya namna hiyo vilivyokuwa zaidi ya 21,000 mwaka 1982 vilishuka chini ya 10,000 mwaka 2011, kwa sheria kali na ushawishi kwa pamoja. Lakini mwaka 2021 vilipanda tena kupita 13,000. Kazi hii haifanywi mara moja ikaisha.

Sherehe ni zetu

Hapa naomba mnivumilie. Ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, harusi, jubilei: hizi ni sherehe zetu, na kamati zake ni sisi. Tuna kamati ya vinywaji inayohesabu kreti mpaka chupa ya mwisho. Tuna kamati ya usafiri, ambayo kazi yake ni kuwaleta maharusi. Nani ana kazi ya kuwarudisha wageni? Hayupo. Na Desemba, ndugu wanapopanda Moshi na Rombo kwa Krismasi na mbege iko kila boma, hali inazidi.

Sisemi watu waache pombe. Wapo walioiacha, nawaheshimu. Ninachosema ni kwamba aliyekunywa asiendeshe. Napendekeza yafuatayo:

1. Kamati ya usafiri ikodi gari la kuwarudisha wageni. Ikibidi, kreti chache zipunguzwe kulipia.

2. Kila gari liwe na dereva wa zamu, achaguliwe kabla ya sherehe. Mshehereshaji amtambulishe kwa heshima, na chakula apewe mapema.

3. Chakula kitangulie vinywaji, maji yawe kila meza, na bia isimame saa moja kabla ya kufunga ukumbi.

4. Wateuliwe watu wawili wanaoheshimika wa kuomba funguo. Mtoto hawezi kumwambia baba yake kwamba amelewa. Atumwe wa rika lake, au mtani wake, ambaye anaweza kuuficha ufunguo na asikasirikiwe. Asiitwe mlevi, wala msibishane kuhusu chupa. Aitwe pembeni, aambiwe: "Shikamoo mzee. Leo tumekuandalia dereva, gari lako litalala hapa salama." Mtu hukubali haraka akionyeshwa njia ya kufika nyumbani.

5. Jumuiya ziongee na vijana wa vituo vya bodaboda. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haikuondoka navyo. Abiria nao wafundishwe kushuka na kukataa kulipa dereva akinuka pombe.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Msitupime kwa idadi ya semina na fulana. Tuulizeni ni sherehe ngapi zilikuwa na gari la kurudisha wageni, ni madereva wangapi wa zamu walitajwa, na ni magari mangapi yalilala ukumbini mpaka kesho yake. Gari lililolala ukumbini ni matokeo yanayohesabika.

Najua tutaambiwa tunaharibu sherehe. Wako watakaonuna, na huenda mmoja wao ndiye aliyechanga kuliko wote. Akinuna leo, tutamwomba radhi kesho akiwa hai.

Naomba kila parokia ichague sherehe moja kabla ya Krismasi, ijaribu mambo haya, na ilete taarifa kwenye kikao cha robo mwaka ijayo, pamoja na yaliyoshindikana. Tutajifunza kutoka kwenu.