Tangazo la Kikundi: Kutengeneza Picha kwa Kompyuta

Leo tutazungumza juu ya kutengeneza tangazo lenye picha kwa kutumia kompyuta. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: faili, tabaka, asili, nakala. Tutayakuta mbele.

Kwanza tujiulize: kazi hii yatuhusu nini? Tuseme kikundi cha ushonaji kinauza sare za shule. Tangazo lake lilitengenezwa na fundi wa mjini, naye aliwapa karatasi tu. Sasa kitambaa kimepanda bei. Tarakimu moja tu ndiyo ya kubadilishwa, lakini wanakikundi hawana budi kupanda basi, kurudi kwa fundi, na kulipa kana kwamba ni kazi mpya. Je, faida ya mashati mangapi imekwisha hapo? Shabaha ya somo letu basi ni moja: tangazo liwe mali ya kikundi, lisiwe mali ya aliyelichora.

Programu za kutengeneza picha ni nyingi. Photoshop yajulikana sana. Ilianza kuuzwa mwaka 1990, na hutumiwa kwa malipo. Nyingine ni GIMP. Hiyo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka 1996. GIMP ni ya bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kumpa mwenziwe. Ndiyo tutakayoitumia leo.

1. Picha ni kama shanga

Picha ya kompyuta imepangwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Zifikirieni kama shanga: kila ushanga una rangi yake, na zote pamoja zinafanya sura. Sasa, picha yenye shanga chache ukiivuta iwe kubwa, shanga haziongezeki. Zinapanuka tu, na uso wa mtu unakuwa kama ngazi. Kwa hiyo anza na picha kubwa. Kuipunguza ni rahisi; kuikuza bila kuiharibu ni vigumu.

Kipimo ni hiki. Ili picha itoke safi kwenye karatasi, wachapaji hupenda nukta 300 katika kila inchi moja. Picha yenye upana wa pikseli 600 itajaza inchi 2 tu. Karatasi ya A4 nzima yahitaji pikseli 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Andika tarakimu hizo unapofungua kazi mpya, kabla ya kuchora chochote.

2. Kazi juu ya matabaka

Chukueni vipande vitatu vya kioo. Cha kwanza kipakwe rangi, cha pili kichorwe shati, cha tatu kiandikwe bei. Vilazeni vyote pamoja: mtaona tangazo moja. Bei ikibadilika, mnafuta kioo cha juu tu, shati halikuguswa. Hayo ndiyo matabaka.

Kila tabaka lipe jina lake: "rangi", "shati", "bei". Kabla ya kugusa chochote, angalia ni tabaka gani limechaguliwa, kwa maana mwanafunzi mara nyingi huchora juu ya tabaka asilolitaka. Ukikosea usiogope. Bonyeza Ctrl na Z pamoja, na kosa litaondoka.

3. Panga kama kanga

Akina mama, ninyi mnaijua kazi hii kuliko kompyuta. Kanga ina pindo, mji na jina. Tangazo nalo lahitaji hayo matatu. Pindo ni nafasi tupu pande zote nne, usiijaze. Mji ni picha. Iwe moja, kubwa, inayoonyesha kitu kinachouzwa. Jina ni maneno, yawe machache. Mtu apitaye njiani ataka kujua mambo manne tu: ni nini, ni bei gani, ni wapi, na nani wa kumwuliza.

4. Maneno yasomeke

Manjano juu ya nyeupe haionekani. Nyekundu juu ya kijani humchosha msomaji, na wapo watu ambao macho yao hayazitenganishi rangi hizo mbili. Chagua maneno meusi juu ya rangi hafifu, au meupe juu ya rangi iliyokolea. Hapa pana njia nzuri ya kujaribu: tengeneza nakala, uiondoe rangi zote ibaki ya kijivu. Ikiwa bado unayasoma maneno bila shida, rangi zako zafaa. Kisha bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua kumi, usome. Usiposoma wewe uliyeandika, jirani atasomaje?

5. Tunza asili, gawa nakala

Hapa ndipo penye mali ya kikundi. GIMP huhifadhi kazi katika faili ambalo jina lake huishia kwa xcf. Hilo ndilo asili: lina matabaka yote, na maneno yake bado yaweza kubadilishwa. Kwa kuchapa au kutuma, toa nakala ya PNG au JPEG. Nakala hizo hazina matabaka. Bei iliyomo si maneno tena, ni shanga tu.

JPEG hupunguza picha ili faili liwe dogo. Ukiifungua, ukaibadili na kuihifadhi tena na tena, inazidi kufifia, kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine. PNG haipotezi kitu inapohifadhiwa. WhatsApp nayo hupunguza picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo unapompelekea mchapaji, mtumie kama hati.

Wekeni asili mahali pawili: katika kompyuta na katika flashi anayoitunza katibu. Na kama mnamlipa fundi, patananeni mapema kwamba atawakabidhi asili pamoja na karatasi. Aliyepewa nakala peke yake amepewa samaki. Aliyepewa asili amepewa na nyavu.

Kazi ya darasa

1. Chagueni tangazo moja lililobandikwa karibu nanyi. Lionyesheni pindo, mji na jina. Lina kasoro gani?
2. Picha ina upana wa pikseli 1500. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, itakuwa na upana wa inchi ngapi?
3. Kila kundi la watu watano litengeneze tangazo lenye matabaka matatu. Kisha libadilishane asili na kundi jingine, nalo libadili bei bila kugusa picha.
4. Jadilianeni: katika kikundi chenu, nani atunze asili, na kwa nini?

Kundi likiweza kubadili bei ya wenzao kwa dakika chache, somo limeeleweka.