Mbio za Kilomita 21 na Suala la Vinyago

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, ndugu wanachama wenzangu, na ninyi vijana wetu mliokaa kwenye nyasi kwa kuwa viti tumevichukua sisi:

Nimepewa dakika kumi niseme juu ya pendekezo la wanachama wetu vijana. Wanataka chama chetu kiandae mbio za nusu marathoni hapa mjini ili kuchangia kisima cha shule. Wanataka zifanyike Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, na kila mkimbiaji avae vazi la kutisha, yaani mzimu, mchawi, mifupa ya maiti na kadhalika, kama wafanyavyo Wamarekani katika sikukuu yao ya Halloween. Mbio naziunga mkono kwa mikono miwili. Mavazi hayo na tarehe hiyo navipinga, na ninaomba mnivumilie nieleze sababu.

Nianze na mbio zenyewe. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Hakuna mkoa unaostahili mbio hizo kuliko wetu. Tarehe 15 Septemba 2025, katika jiji la Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alishinda marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Kabla yake, mwaka 2005, Mtanzania mwingine, Fabiano Joseph, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni huko Edmonton, Kanada, baada ya kushika nafasi ya pili mwaka 2003 na tena mwaka 2004. Lakini tutazameni sisi tuliokalia viti. Wengi tuliacha kukimbia siku tuliyorudisha magodoro ya bweni, na Simbu, pamoja na uhodari wake wote, hawezi kutukimbilia vitambi vyetu.

Mimi nilishiriki nusu marathoni ya Moshi, katika zile mbio za Kilimanjaro zilizoanza mwaka 2003. Nilikuwa na umri wa miaka 43 na nilijiandaa kwa miezi mitano, nikiamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Pale Moshi mnapanda barabara ya Mweka kuelekea mlimani, kisha mnageuka na kuteremka. Mpando haushi haraka. Ukidhani umekwisha, unakata kona na kuuona mwingine. Vijana walionipita mwanzoni kama wanaokimbiza basi niliwakuta kilomita ya nane wameshika viuno, kichomi kimewabana. Kuteremka nako si mchezo, maana magoti ndiyo yanayolipa gharama yote. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika thelathini na nane. Washindi walikuwa wamekwisha oga na kunywa chai.

Jambo ninalolikumbuka zaidi kuliko muda huo ni watu wa kando ya barabara. Bibi mmoja aliyekuwa shambani aliacha jembe, akanitazama usoni, akasema, "Pole baba, kazana, umekaribia." Nilikuwa sijakaribia hata kidogo, lakini miguu ilipata nguvu. Alinipa pole kwa sababu aliuona uso wangu, akaona jasho, akajua huyu ni mtu anayetaabika. Sasa vijana wetu wanataka tupite mbele ya mabibi wa vijijini kwetu tukiwa tumeficha nyuso.

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Asili yake ni Ireland na Uskoti, na wahamiaji wa Ireland ndio waliochangia sana kuieneza Marekani katika karne ya 19. Kule watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na watu wazima huchonga maboga. Siwalaumu. Kwao mchawi amekwisha kuwa kichekesho cha watoto.

Kwetu bado hajawa kichekesho. Wanachama wenye mvi wanajua ninachotaka kusema. Katika miaka ya 1940, hasa 1946 na 1947, watu wengi waliuawa katika nchi hii ya Wanyaturu, na maiti zikaonekana na alama kama za makucha. Ikasemwa ni watu simba, yaani binadamu waliovaa ngozi za simba. Serikali ya kikoloni ilishtaki watu, na baadhi walinyongwa. Wapo wanaosema hata leo kwamba walikuwa simba kweli. Vyovyote iwavyo, mtu aliyejifunika ngozi na kuvizia njiani ni habari ambayo katika nyumba nyingi za hapa bado husimuliwa kwa sauti ya chini.

Wala si mambo ya zamani peke yake. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya jirani zetu, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wakitupikia sisi. Kijana wa shule akipita kijijini amejipaka masizi, amevaa kama ajuza mchawi, na watu wakacheka, je, tumemfundisha nini mtoto anayetazama? Na bibi yake aliyeketi mlangoni ajisikieje?

Nasikia hoja kwamba bila mavazi watu hawatavutwa. Basi tuvae! Katika marathoni ya jiji la London wapo wanaokimbia ndani ya umbo la kifaru lenye uzito wa kilo kumi hivi, wakichangia uhifadhi wa wanyama hao, na hakuna bibi anayekosa usingizi. Sisi tuna alizeti, tuna vitunguu, tuna kuku wa Singida wanaotafutwa hadi Dar es Salaam. Nitafurahi kumwona mweka hazina wetu amevaa kama jogoo, mradi uso wake uonekane, kwa kuwa bado hajatusomea hesabu za mwaka jana.

Kuhusu tarehe nitasema kwa kifupi. Mwishoni mwa Oktoba jua la Singida ni kali na mvua haijaanza. Tena kidato cha nne huingia katika mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Sielewi ni mwalimu gani atakayewatoa vijana hao darasani waje kushika vikombe vya maji barabarani. Napendekeza Julai, wakati wa baridi, baada ya likizo, na tuanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujachachamaa.

Aidha, wanafunzi wasikimbie kilomita 21. Tuwawekee kilomita tano, na kumi kwa walioteuliwa na mwalimu wa michezo. Maji yawepo kila kilomita tatu, mganga awepo na gari lake, na askari wa usalama barabarani waombwe kwa barua mapema, si kwa simu ya usiku wa kuamkia mbio. Mtu yeyote aliyepita miaka arobaini apimwe shinikizo la damu kabla ya kupewa namba.

Njia nimekwisha ipita kwa baiskeli mara mbili: kutoka lango la shule, kupitia mjini, kando ya ziwa Singidani, kisha kurudi. Inapungua kidogo, kama mita mia sita. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi nitakwenda kuipima tena, na ninahitaji watu wawili wenye baiskeli nzima na mmoja mwenye mwandiko mzuri.