Okoa Mita, Okoa Mkono

(Mazungumzo ya fundi redio mbele ya wanachama, Msambweni)



Nimeombwa niseme juu ya mita zinazoungua. Jambo hili laonekana dogo, lakini mita ikiungua fundi hupoteza siku ya kazi, na pengine hukatwa mshahara. Tena umeme ule ule unaoua mita waweza kumwua fundi. Basi nitasema mambo mawili: namna ya kuilinda mita, na haki yetu inapoharibika.

Katika miaka ya 1950 wazee wetu walisikiliza Sauti ya Mvita kutoka Mombasa kwa redio za valvu. Redio za namna hiyo zingaliko majumbani, na vikuza sauti vya gitaa vya valvu vyatumika hata leo. Kijana aliyezoea redio ya transista ya volti 6 au 9 hufungua ile ya valvu akidhani ni mamoja. Sivyo. Mara nyingi anodi ya valvu hupewa kiasi cha volti 250, na unapowasha tu, kabla valvu hazijapata moto, zaweza kupita 300.

Kwanza, zima redio, chomoa waya ukutani, kisha ondoa umeme uliobaki katika kondensa. Kondensa ni kama mtungi: mfereji umefungwa, lakini maji yangalimo. Usiiguse kwa bisibisi ili ipige cheche. Tumia rezista ya omu 10,000, ya wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya zenye mpira mzima. Kondensa ya maikrofaradi 50 huisha katika sekunde chache. Pima volti uone sifuri, ndipo upime omu. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wa kazi niliua mita hapa hapa: nilipima omu juu ya kondensa iliyojaa. Sindano ilipiga ukingoni ikapinda, isirudi tena.

Pili, anza na kipimo kikubwa kabisa, kisha ushuke. Usizungushe swichi ya mita hali ncha zimeshika umeme. Na ukimaliza kupima ampea, rudisha waya kwenye tundu la volti. Mita iliyo kwenye ampea ni kama kipande cha waya tu. Ukiitia kwenye volti 250, kitakachoiokoa huenda kikawa fyuzi peke yake, na pengine hata hiyo haipo.

Tatu, soma kiasi kilichoandikwa kwenye mita na kwenye nyaya zake, usikipite. Ukiwa na mita ya dijitali yenye omu milioni 10 ndani, na unataka kupima volti 1,000, funga rezista tisa za omu milioni 10 kila moja, zifuatane kwa mstari ndani ya bomba la plastiki. Kila rezista itabeba volti 100, na mita itabeba 100. Kinachosomwa zidisha kwa kumi.

Nne, jihadharini na osiloskopu. Zipo redio zisizo na transfoma, ambazo bati lake limeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani wa volti 240. Ukibana hapo waya wa ardhi wa osiloskopu, umeme wote utapita humo kwenda ardhini. Itie redio kwenye transfoma ya kutenganisha. Usikate waya wa ardhi wa osiloskopu, maana hapo utaokoa chombo na kumtega mtu. Na jenereta ya ishara isiguse anodi bila kondensa ya volti 1,000 katikati.

Tano, hapa kwetu hewa ina chumvi na unyevu. Mpira wa nyaya hupasuka, na mkono wenye jasho hupitisha umeme upesi. Futa ncha, tupa waya uliopasuka, simama juu ya ubao mkavu. Bana waya mweusi kwenye bati la redio ikiwa imezimwa, kisha pima kwa mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni.

Sasa haki yetu. Yuko mwenye karakana mmoja, simtaji, aliyemkata kijana mshahara kwa mita iliyoungua, wala hakuwahi kumpa nyaya nzima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mita iliyoungua kwa waya mbovu wa tajiri si makusudi. Kwa hiyo ukiona waya umepasuka, mwambie mbele ya shahidi, au uandike na kutia tarehe, kabla ya kazi. Karatasi hiyo ndiyo ngao yako. Lakini na sisi tusimpe tajiri sababu: fundi azungushaye swichi ovyo hudhoofisha neno la wenzake wote.

Watu husema ajali haina kinga. Ndugu zangu, ajali hii inayo: rezista moja, ubao mkavu, mkono mmoja mfukoni, na karatasi yenye tarehe.

Umoja ni nguvu.