Kisukari na Macho ya Watu wa Mjini



Nimeombwa kusema juu ya maradhi ya kisukari, nami nimechagua sehemu yake moja tu, yaani madhara yake katika macho. Kidonda cha mguu huonekana na kila mtu. Jicho huharibika kimya kimya.

Mji wa Chennai, Kusini mwa India, wengi wetu twaujua kwa sababu wagonjwa wa nchi zetu hupelekwa huko kutibiwa. Katika mji huo wataalamu waliwachunguza wakazi 26,001, na baadaye watu 1,736 wenye kisukari wakapigwa picha za ndani ya macho. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Kati ya kila wagonjwa 100, karibu 18 walikuwa tayari wamepata madhara katika retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea nuru. Tena watu hao hawakuokotwa katika vyumba vya hospitali, ambako mara nyingi hufika walio taabani. Walitafutwa mitaani wanakoishi. Miongoni mwa waliokwisha kuishi na kisukari zaidi ya miaka 15, idadi ilipanda hadi kiasi cha 42 katika 100.

Lakini hesabu ipasayo kututia hofu ni iliyo ndogo kuliko zote. Watu 354 kati yao hawakuwa wakijua kabisa kwamba wana kisukari hadi walipopimwa siku zile. Na bado watano katika kila 100 wa hao walikutwa macho yao yamekwisha kuguswa! Maradhi yalikuwa yametangulia, habari ikafuata nyuma.

Sababu yake ni hii. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, vijishipa vyembamba vya retina hulegea na kuvuja, vingine huziba. Hapo jicho huotesha vijishipa vipya, navyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani. Maadamu sehemu ya katikati haijaguswa, mtu huona vizuri na hasikii maumivu yoyote. Mzee akishindwa kusoma msahafu husema ni utu uzima, akaenda kununua miwani sokoni. Miwani haizibi mshipa unaovuja.

Wako wasemao kwamba watakwenda kwa daktari macho yatakapoanza kufifia. Rai hiyo siikubali hata kidogo. Tangu mwaka 1976, uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba mwali wa mwanga mkali, ukitumiwa kwa wakati wake, hupunguza hatari ya upofu kwa nusu au zaidi; na siku hizi ziko pia sindano za dawa ndani ya jicho. Matibabu hayo hulinda nuru iliyobaki. Iliyokwisha kupotea mara nyingi hairudi.

Basi mtu mzima aambiwapo ana kisukari, macho yapimwe wakati huo huo, kisha kila mwaka, hata kama anaona vema. Mama mwenye kisukari apimwe mapema anaposhika mimba, kwani mimba huweza kuyaharakisha madhara haya. Pamoja na hayo, sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe. Kipimo chenyewe hakiumi: hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari hutazama ndani. Baada yake macho huwa na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mgonjwa afuatane na mtu wa kumrudisha nyumbani.