Nyaraka za Msanidi Programu na Fedha za Mtumiaji



Tumealikwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa jina lake pekee laweza kumsinziza msikilizaji: kampuni kuwafungulia wasanidi programu nyaraka zake za kiufundi mtandaoni. Wasanidi programu ni mafundi wanaoandika programu tunazozitumia katika simu na kompyuta. Nyaraka za kiufundi ni maelezo ya namna mfumo wa kampuni unavyopokea ombi na namna unavyojibu. Mwenye duka au mzazi mwenye karo ya kulipa ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu fedha zake hupita humo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007. Katika miaka ya mwanzo, mfanyabiashara aliyetaka kompyuta yake itambue kwamba mteja amekwisha kulipa hakuwa na njia rahisi. Mafundi wengi walitumia njia ya mkato: waliandika programu iliyokaa ndani ya simu ya biashara, ikasoma ujumbe mfupi wa uthibitisho, ikachomoa humo jina, kiasi na nambari ya muamala. Njia hiyo ilikuwa dhaifu. Maneno ya ujumbe yakibadilika kidogo, programu ilipotea. Isipokagua mtumaji, mjanja aliweza kuihadaa kwa ujumbe wa bandia. Na zaidi ya yote, programu iliyoruhusiwa kusoma ujumbe mmoja iliweza kusoma zote: za benki, za hospitali, hata zile za mume na mke.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua tovuti ya wasanidi programu iitwayo Daraja. Humo fundi hujisajili bila malipo, husoma maelezo ya kila aina ya ombi, na hupewa uwanja wa majaribio ambamo hakuna fedha ya kweli inayohama. Anapoingia katika biashara halisi hupewa funguo za siri za kumtambulisha. Kwa funguo hizo mfumo wake huomba kibali cha muda, na kibali hicho hufa baada ya saa moja. Jina la tovuti ni la Kiswahili. Maelezo yaliyomo ni ya Kiingereza, nasi tunaona huo ni upungufu, ijapokuwa si wa leo.

Mtumiaji amepata nini hapo? Mfano ulio wazi ni lile ombi linalojitokeza kwenye simu yako unaponunua kitu mtandaoni, likitaja jina la biashara na kiasi, kisha likikutaka uingize nambari yako ya siri, yaani PIN. Ombi hilo hutoka kwenye mfumo wa mtoa huduma na hujibiwa kupitia laini yako. Muuzaji hupewa jibu tu: amelipa au hakulipa. PIN yako haimfikii, na nyaraka hazina mahali popote ambapo muuzaji anatakiwa kuipokea. Kwa hiyo programu yoyote ya duka, ya karo au ya mkopo inayofungua kisanduku chake yenyewe na kukutaka uandike humo PIN ya M-Pesa inatenda jambo ambalo utaratibu haukulitaka. Iache, uiondoe, na ikiwa umekwisha kuandika, badilisha PIN mara moja. Vivyo hivyo, ombi la malipo likijitokeza nawe hukununua kitu, likatae. Mtu anayejua nambari yako ya simu anaweza kusababisha ombi litumwe. Hawezi kulikamilisha pasipo wewe.

Kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara, nalo ni la haki: ikiwa nyaraka ziko wazi kwa kila mtu, je, mwizi naye hazisomi? Anazisoma. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi kwamba mfumo mzuri hauna budi kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujapatikana. Fundi wa kufuli hujua kufuli zote za mtaa zilivyoundwa, lakini hilo halimpi ufunguo wa nyumba yako. Hatari halisi iko kwingine. Wako wasanidi wanaoziacha funguo zao za siri ndani ya programu wanayoigawa kwa umma, na wako wanaoruka kurasa zisizopendeza kusoma, zile zinazoeleza la kufanya jibu linapochelewa au linapokosa kufika. Uzembe huu wa pili ndio unaomwumiza mteja wa kawaida: amelipa, fedha imeondoka, na skrini ya muuzaji inasisitiza kwamba hajalipa.

Likikufika hilo, usilipe mara ya pili kwa haraka. Tazama kwanza ujumbe wa uthibitisho. Kila muamala una nambari yake ya herufi na tarakimu kumi, na nambari hiyo ndiyo ushahidi wako. Mfumo uliosanidiwa kwa kufuata nyaraka unaweza kumwuliza mtoa huduma hali ya muamala huo na kupata jibu. Muuzaji anayekwambia kwamba hana njia ya kujua, mwambie kwa upole kwamba njia ipo, na kwamba fundi wake anaifahamu au anapaswa kuifahamu.

Turudi kwenye suala la kusoma ujumbe. Kwa kuwa njia rasmi sasa ipo, programu ya malipo inayodai ruhusa ya kusoma ujumbe wako wote ina deni la maelezo. Baadhi ya programu za mikopo zilitumia ruhusa za namna hiyo kuchukua hata majina ya jamaa na marafiki wa mkopaji, kisha wakapigiwa simu kumwaibisha alipochelewa kulipa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua data yako itatumiwa kwa jambo gani, haki ya kupinga isishughulikiwe, na haki ya kutaka data ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma anayoilipia. Kwa maoni yetu, habari hizo ni pamoja na maelezo mafupi, kwa lugha anayoielewa, ya kile programu inachokichukua katika simu yake.

Mwenye malalamiko ayapeleke kwanza kwa muuzaji au mtoa huduma, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asiporidhika, atuletee nakala hiyo pamoja na nambari ya muamala, tarehe, kiasi, na jina la biashara kama lilivyoonekana kwenye ombi. Asiyeweza kuandika asaidiwe na mwenzake, au afike ofisini, nasi tutamwandikia. Fomu ziko kwenye meza iliyo mlangoni, za Kiswahili na za Kiingereza. Sasa tutapokea maswali.