Shingo ya mama mwenye mimba iangaliwe mapema



Leo hatuongei juu ya barabara wala kura. Tunaongea juu ya thiroide, tezi ndogo iliyo mbele ya shingo. Inatumia iodi kutengeneza homoni. Miezi ya kwanza ya mimba mtoto anategemea homoni za mama, na ndipo ubongo wake unajengwa. Zikikosekana sana, mimba inaweza kutoka, ao mtoto achelewe kutembea, kusema na kujifunza.

Hii si magonjwa ya Ulaya. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, na kule Ubangi, watafiti walionyesha miaka ya 1960 na 1970 namna udongo wenye iodi kidogo na muhogo usiolowekwa vizuri vilivimbisha shingo za watu na kuumiza watoto wangali tumboni. Sisi pia tuko mbali na bahari, na muhogo tunakula.

Wengine watasema: «Vituo vyetu havina mashini ya kupima homoni, mungoje.» Hapana. Zamani, hapa hapa Kasongo, waganga walichunguza alama nyepesi, kama urefu wa mama na namna alivyozaa mbele, ili kujua nani apelekwe hospitali. Kazi yao ilisomwa mbali. Kuchagua kwa alama nyepesi tunakujua.

Basi tunadai hivi:

1. Kwenye CPN ya kwanza, muganga apapase shingo na aulize: mimba zilishatoka? Wewe ao ndugu yako mulishagonjwa thiroide? Moyo unapiga mbio? Mikono inatetemeka? Baridi inakuzidi? Uchovu peke yake hautoshi, maana mimba yenyewe inachosha.

2. Mama mwenye alama, damu yake ichukuliwe, ipelekwe kwenye maabara yenye mashini, na jibu lirudi haraka. Gharama isimuangukie yeye.

3. Chumvi ya sokoni ipimwe. Ni tone moja la dawa tu: chumvi yenye iodi inageuka buluu.

Na sisi tuna kazi. Chumvi tuifunike, isipigwe na jua wala unyevu, na tuitie chakula kikikaribia kuiva. Muhogo tuuloweke siku za kutosha. Tunajua mimba changa haitangazwi, lakini muganga si jirani: siri inabaki kwake. Mama aende CPN kabla ya miezi tatu, asingoje tumbo lionekane.

Dawa ya thiroide iliyo dhaifu ipo, kidonge kwa siku. Lakini bila kipimo, mutu asijinunulie.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Hatuombi zawadi. Kila kijana amwambie dada yake, bibi yake, shemeji yake. Halafu twende pamoja kwenye ofisi ya zoni ya afya, tuulize: mutaanza siku gani?